Kipandio cha Kumi na Tisa

Saa tisa alasiri, siku ya Jumanne, kengele ya banda la mizani ililia katika shamba la chai la Lepeh, na wachuma chai wakaanza kupanda ngazi na matenga yao mgongoni. Ngazi ile ina vipandio sitini na vinne, vyote magogo ya mkaratusi yaliyolazwa kwenye udongo mwekundu na kushikizwa kwa vigingi. Yaani vilikuwa sitini na vinne. Cha kumi na tisa kilioza misimu miwili ya mvua iliyopita, gogo likaporomoka bondeni, na mahali pake pakabaki shimo la kina cha goti. Kwa hiyo wanawake wa Lepeh hupanda wakihesabu kwa sauti: kumi na saba, kumi na nane, ruka, ishirini. Watoto wa shule iliyo chini ya mlima nao huhesabu hivyo hivyo, na mwalimu ameshachoka kuwasahihisha.

Siku hiyo Mezatio hakuhesabu. Alikuwa anamsimulia mwenzake, Voufo, jinsi mawifi zake walivyogombania sufuria kubwa kwenye matanga ya baba mkwe, na hadithi ilikuwa imefika pale penyewe. Mguu wake wa kushoto ukaingia shimoni, tenga la kilo ishirini na tano likamsukuma mbele, na kifundo kikalia kama ukuni mkavu. Alipotazama chini, unyayo ulikuwa umegeukia pembeni kama mlango ulioacha bawaba.

"Nimalizie kwanza," alisema Voufo huku akimvua tenga. "Sufuria alichukua nani?"

"Alichukua yule mfupi," akasema Mezatio. Halafu ndipo akalia.

Mnyapara alikuja na daftari lake. Kwenye sehemu ya chanzo cha ajali aliandika: maongezi. Zahanati ya shamba ilimpa Mezatio vidonge viwili na dawa ya kuchua, ikamwambia asikanyage chini, kana kwamba alikuwa na mpango huo.

Alikuwa mtu wa nne kuvunjwa na shimo lile lile. Na msidhani wanawake wa Lepeh walikaa tu wakilitazama. Mara mbili walikata gogo wakaliweka wenyewe, na mara mbili askari wa shamba waliling'oa, kwa sababu mikaratusi ni ya kampuni, ngazi ni ya kampuni, na mali ya kampuni haitengenezwi na mtu asiye na barua. Ile mara ya pili, mwanamke aliyelibeba gogo alifukuzwa kazi. Ala! Mtu anafukuzwa kwa kubeba gogo, na anayewanyima watu gogo anaitwa Mheshimiwa.

Voufo alimbeba Mezatio mgongoni mwendo wa nusu saa mpaka kwa Ma Temgoua, mganga wa mifupa. Ma Temgoua ni mama mwenye mikono mifupi na kiko kisichomtoka mdomoni, na nusu ya wanaume wa kata yetu wanatembea kwa sababu yake, ingawa wakikutana naye sokoni wanajifanya wamezaliwa na miguu hiyo hiyo. Alikibonyeza kifundo kwa vidole viwili huku akiangalia kwingine.

"Umevunjika na kuteguka," alisema. "Mfupa wa nje umepasuka, na kifundo chenyewe kimehama nyumba. Nikikirudisha utanitukana."

"Sitakutukana, Ma."

"Wote husema hivyo."

Akavuta. Mezatio alimtukana yeye, na mama yake, na kiko chake. Ma Temgoua aliitikia kila tusi kwa "ndiyo, mwanangu," mpaka kifundo kikarudi mahali pake kwa mlio mdogo. Kisha akakikanda kwa mafuta ya mawese ya moto, akakizungushia vibanzi vinne vya mwanzi, akavifunga kwa kamba za majani ya mwale, wala hakukaza sana, ili damu ipite.

Baada ya hapo akatoka uani akakamata kuku. Alikuwa kuku jike mwekundu, kishingo. Ma Temgoua alimvunja mguu wa kushoto mahali pale pale, akaurudisha, akaukanda, akaufunga vibanzi vinne vidogo kwa fundo lile lile. Ndivyo inavyofanyika kwetu. Mgonjwa na kuku wake hulala chini ya paa moja, hukandwa wakati mmoja, na siku kuku atakapotembea ndiyo siku mgonjwa atakayoinuka. Kuku huyo hupewa jina la mgonjwa. Hauzwi, hachinjwi, hatolewi zawadi. Kwa hiyo pale kwa Ma Temgoua wakawa wawili, Mezatio wa mkekani na Mezatio wa kapuni, na wote wawili walikuwa wakali.

Shamba lina sheria yake: ukianguka, mstari wako wa chai unashikwa na mtu wa nyumbani kwako, la sivyo anapewa mwingine. Mezatio alikuwa na mtu mmoja tu, binti yake Odile, wa miaka kumi na saba, mwenye miguu mirefu ya baba yake marehemu. Odile akajifunga tenga la mama yake akaenda.

Hapo ndipo mateso ya Mezatio yalipoanzia, maana maumivu ya mguu aliyazoea. Nyumba ya Ma Temgoua iko upande wa upepo, na saa tisa kengele ikilia, sauti za wachumaji zilimfikia pale mkekani moja moja. Kumi na saba. Kumi na nane. Ruka. Kutoka hapo mpaka kusikia ishirini, Mezatio alikuwa hapumui. Aliogopa, na hakuona haya kusema kwamba anaogopa. Alisema, "Huyu mtoto nina mmoja tu, na miguu anayo miwili tu."

Akaandika barua kwa Mkurugenzi wa shamba, Odile akiishika kalamu. Aliomba kitu kimoja: gogo kwenye kipandio cha kumi na tisa. Jibu lilikuja na mhuri. Uongozi umepokea maoni yako. Wachumaji wanakumbushwa kuangalia wanapokanyaga.

Wiki ya tatu, Jumamosi, Ma Temgoua alikwenda kwenye matanga kijiji cha pili. Siku hiyo hiyo Mkurugenzi Wandji alikuwa anatazamia wageni kutoka makao makuu, na wageni wa namna hiyo wanaandaliwa kuku wa mkurugenzi, chakula ambacho nchi nzima inakijua: kuku wa kienyeji na ndizi mbivu za kukaanga, karoti na pilipili hoho, chenye jina la cheo chake na kinachoheshimiwa kuliko cheo chenyewe. Mkurugenzi hakula kuku wa kizungu. Alisema wana ladha ya gazeti. Basi mpishi wake, Zebaze, alishuka vijijini kutafuta kuku, na alipoingia uani kwa Ma Temgoua kuku wote walitawanyika. Alibaki mmoja aliyeshindwa kukimbia.

Mezatio alijikokota mpaka mlangoni.

"Zebaze! Muache huyo! Huyo ni wa dawa!"

"Najua, dada," alisema Zebaze, kuku tayari kwapani. "Lakini wengine wamekimbia, na mimi goti langu bovu."

"Goti lako ni shauri lako. Mguu wangu umo ndani ya huyo kuku!"

"Nitamvua vibanzi. Akishavuliwa vibanzi anarudi kuwa kuku tu."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Wako wengi kwetu wanaodhani dawa imo kwenye kamba. Zebaze hakuwa mtu mbaya. Alimvua vibanzi taratibu, akavipanga juu ya ukuta mdogo, kamba akazikunja vizuri kando, akaomba radhi, akaondoka akichechemea kilimani. Mezatio alimrushia bakuli na bakuli halikumpata.

Jumapili kuku aliliwa. Firigisi kwetu ni ya mkuu wa meza, kwa hiyo Mkurugenzi alipewa firigisi. Akapewa pia paja la kushoto, kwa kuwa alilipenda.

Ma Temgoua aliporudi jioni, aliviona vibanzi ukutani, akatoa kiko mdomoni.

"Paja la kushoto kala nani?"

Voufo, aliyekuwa ameshaulizia jikoni kwa Mkurugenzi, alimwambia.

"Haya," alisema Ma Temgoua. "Usilie, mwanangu. Kuku wako sasa ni Mkurugenzi."

"Huyo anatembea ovyo ovyo," Mezatio alisema. "Ataniharibia mfupa."

"Kuanzia kesho hatatembea."

Jumatatu asubuhi Mkurugenzi Wandji aliamka na kifundo cha kushoto kimevimba kama gimbi. Hakuwa ameanguka. Alipelekwa hospitali mjini, akapigwa picha, na daktari akamwonyesha: mfupa wa nje ulivunjika wiki tatu zilizopita, kifundo kiliteguka kikarudishwa, na unaunga vizuri sana. Daktari alitaka kujua ni nani aliyeurudisha, kwa maana kazi ilikuwa safi. Akamfunga plasta. Kesho yake plasta ilikuwa imepasuka vipande vinne sawasawa, urefu wa vibanzi. Wakamfunga nyingine, ikapasuka vile vile. Ya tatu ilipopasuka, Zebaze, ambaye dhamiri ilikuwa inamla, alipiga magoti mbele ya mke wa Mkurugenzi akaeleza.

Wakamwita Ma Temgoua. Vibanzi vya kuku havikumtosha Mkurugenzi, kwa hiyo alichonga vipya. Alimkanda, akamfunga kwa fundo lile lile, kisha akawageukia watu wa nyumba.

"Huyu hauzwi, hachinjwi, hatolewi zawadi. Na msimweke kwenye upepo."

Mke wa Mkurugenzi aliyaandika yote kwenye karatasi akaibandika mlangoni.

Tangu siku ile mambo yalikwenda kwa utaratibu. Mezatio akiwashwa chini ya kibanzi, Mkurugenzi alijikuna juu kilimani. Mezatio akikandwa kwa mafuta ya moto, Mkurugenzi alisema "aaah" katikati ya kikao, na wasaidizi wake wakaandika kwenye kumbukumbu kwamba Mwenyekiti aliafiki. Alianza pia kulala jua linapozama na kuamka kabla ya watu wote, na mke wake alisema hilo halikumsumbua.

Wiki sita zilipotimia Ma Temgoua alifungua vibanzi, kwanza bondeni kisha kilimani. Mifupa yote miwili ilikuwa imeunga. Mkurugenzi alishika kiti akasimama, akautuma mguu mbele. Mguu haukwenda. Akautuma tena. Ulikuwa hauumi, hauna uvimbe, ila haukuwa na habari naye.

"Kwa desturi kuku ndiye anayetangulia," alisema Mkurugenzi, ambaye naye ni mtoto wa huku huku na utotoni alikandwa bega na mama yake Ma Temgoua.

"Akiwa hai," alijibu Ma Temgoua. "Kilicholiwa hakitangulii mtu. Sasa anatangulia aliyebaki nje. Kamwombe Mezatio ainuke."

Wakaenda kumwomba Mezatio ainuke. Mezatio akasema, "Siinuki."

Alitumwa mnyapara, akarudishwa. Alitumwa karani na kikapu cha sabuni, kikapu kikarudi na sabuni zote. Mwishowe Mkurugenzi alikuja mwenyewe, amebebwa na askari wanne juu ya kiti cha mezani kwake, wakamweka uani kando ya mkeka wa Mezatio. Alikuwa mtu wa adabu. Alivua kofia, akasalimia, akaulizia hali ya mguu ingawa aliijua.

"Mama Odile, nakusikiliza. Sema unachotaka."

"Gogo moja la mkaratusi, Mheshimiwa. Na vigingi viwili. Vigingi nitachonga mwenyewe, usije ukasema nimekufilisi."

Mkurugenzi alipangusa jasho. "Naweza kukupa kazi ya kukaa. Bohari kunahitajika mtu wa kuhesabu magunia."

"Kukaa nakaa hapa, na hakuna magunia."

"Nitakupeleka hospitali kuu, wakupige picha za kisasa."

"Picha ya mguu wangu unayo wewe. Imo ndani ya buti lako."

Askari mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Sikiliza, mama," alisema Mkurugenzi, na sasa alikuwa anasema kweli, hilo tumpe. "Nikiweka gogo leo, makao makuu watauliza gogo la nini. Nitasema la kipandio kilichooza. Watauliza kilioza lini. Nikishataja mwaka nitakuwa nimekiri, na wale wenzako watatu nao watasimama wadai. Chochote kingine, mama. Si hicho."

"Kumbe unajua ni watatu," alisema Mezatio.

Mkurugenzi aliigeuza kofia yake mikononi.

"Mwanangu anapita pale kila siku. Ana tenga mgongoni na utelezi miguuni. Mimi nalala hapa nikimsikiliza anavyoruka. Wewe unalala?"

"Tangu nimle yule kuku, nalala mapema sana."

"Basi karibu mkeka. Tutakaa."

Wakakaa. Ilipofika saa ya chakula Ma Temgoua alileta magimbi yaliyotwangwa na mchuzi wa njano katikati, na Mkurugenzi akala kwa kidole cha shahada kama sisi sote, akasifu mchuzi, akabebwa kurudi kwake kabla giza halijaingia. Gogo halikuja.

Mezatio akaendelea kukaa. Kifundo kilikuwa kimepona, na alijua, na kila asubuhi kilimwomba akitembeze. Akakikatalia. Voufo alimletea habari za shamba na kumwambia kwamba bonde zima linamsifu. Ma Temgoua peke yake hakumsifu.

"Kifundo kilichopona kinataka njia," alisema huku akimkanda kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Usipokitembeza kinaganda. Kaa hivyo mwezi mwingine, uone. Gogo lako utalipata, lakini utalipata hapa mguuni."

"Mpaka achoke."

"Nani?"

"Yeye."

Ma Temgoua alivuta kiko chake.

Zikapita wiki tatu. Siku moja Zebaze alikuja na ndizi za kuomba msamaha, ilikuwa mara yake ya tano, na Mezatio, ambaye hakuwa na moyo wa kuwaka mwaka mzima, akamkaribisha.

"Bosi wako hajambo?"

"Hajambo sana, dada. Kampuni imemletea kiti cha magurudumu kutoka ng'ambo, kina mahali pa kuweka glasi. Anasema hajawahi kupumzika namna hii. Hata zamani alikuwa anatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye gari tu."

Mezatio hakula ndizi. Aliujaribu mguu wake chini ya shuka akasikia kifundo kimekakamaa kama mlango wa ghala. Alasiri ile mvua ilinyesha, kengele ikalia, sauti zikaja kwa upepo. Kumi na saba. Kumi na nane. Ruka. Kisha kukawa kimya, kimya kirefu, na ishirini haikuja. Ilikuja kelele.

Odile aliletwa na Voufo akiwa anatembea mwenyewe, muundi umechubuka kuanzia kifundoni mpaka gotini. Tenga lilikwama kwenye ukingo wa shimo, ndilo lililomshika.

"Nimeteleza kidogo tu, mama."

Mezatio alimwosha damu. Alipomaliza akaliweka beseni chini.

"Mimi mjinga," alisema. "Nimekaa wiki tatu nikingoja mtu aliyezoea kukaa achoke kukaa. Ma, nipe mkono."

"Kitauma," alisema Ma Temgoua.

"Na kiume. Naye kimuume."

Akainuka. Kiliuma kweli, na Mezatio akamtukana tena Ma Temgoua, na mama yake, na kiko. Lakini hatua ya kwanza ilikwenda, na ya pili ikaifuata. Juu kilimani Mkurugenzi alikuwa kwenye kiti chake akiongea na makao makuu kwa simu. Akasimama. Akaweka simu chini akatembea kuvuka sebule, mguu wa kulia, wa kushoto, akichechemea vile vile, na mke wake akapiga vigelegele kwa kuwa alidhani amepona. Alizunguka sebule mara tisa, akakaa Mezatio alipokaa.

Siku tatu Mezatio alitembea uani ili kifundo kilegee. Ya nne alijifunga tenga akaenda kazini. Odile alikuwa ameshapewa mstari wake mwenyewe jirani, kwa kuwa mwenye mstari ule ndiye yule aliyefukuzwa kwa ajili ya gogo. Asubuhi nzima Mezatio alichuma, na asubuhi nzima Mkurugenzi alikwenda ubavuubavu uani kwake, hatua moja, kusimama, hatua moja, kusimama. Alipofika kwenye uzio askari walimgeuza.

Saa tisa kengele ililia. Mezatio alitia mgongoni kilo zake ishirini na tano, na kule juu Mkurugenzi akainama. Mezatio akakanyaga kipandio cha kwanza. Mkurugenzi alikuwa amesimama mbele ya ofisi, mahali tambarare pasipo na ngazi, kwa hiyo alipanda hewa. Kipandio cha pili, cha tatu, cha nne, akiwa ameinama, amekunja mikono kifuani kana kwamba ameshika mikanda ya tenga. Dereva alilisogeza gari lisije likapigwa na viatu. Alipofika usawa wa paa la ofisi, kwenye kipandio cha kumi na nane, alisimama kidogo, akanyanyua mguu juu sana, akaruka. Maana hata kule hewani kipandio cha kumi na tisa hakipo.

Mezatio alipofika juu akapanga foleni ya mizani, na Mkurugenzi akangoja kule alikokuwa, katikati ya matawi ya mikaratusi, usawa wa vipandio sitini na vinne, akijishika kofia. Foleni siku hiyo ilikuwa ndefu. Baada ya kupima, Mezatio alishuka, na Mkurugenzi akashuka.

Ikawa hivyo kila siku ya kazi. Watu wa ofisini walizoea. Vikao vya saa tisa vilihamishiwa nje, kwa sababu dari lilikuwa limemuumiza kichwa mara mbili, na barua za kusainiwa zilifungwa kwenye mwanzi mrefu zikanyanyuliwa. Alikuwa na sauti nzuri, na kwa kuwa naye hakutaka kutumbukia, alijifunza kuhesabu. Tulimsikia mpaka bondeni: kumi na saba, kumi na nane, ruka!

Makao makuu walituma wakaguzi. Walikaa siku mbili, wakapima, wakaandika ripoti nene. Ripoti ilisema mazingira ya kazi ya Mkurugenzi ni ya hatari. Kampuni ikamnunulia kofia ngumu ya manjano, na ikaagiza mikaratusi yote iliyo karibu na ofisi ikatwe ili matawi yasimchome macho. Ilikatwa miti thelathini na mmoja. Magogo yake yalipangwa nyuma ya ofisi, marefu, manyoofu, yamemenywa maganda. Yako pale mpaka sasa, na askari wanayalinda.

Voufo alimuuliza Zebaze kwa nini bosi wake asichukue moja, moja tu, yakaisha.

"Nilimuuliza," alisema Zebaze. "Kasema zamani angekiri jambo moja. Sasa atakuwa anakiri mawili."

Mwezi wa kumi, siku ya utelezi, Voufo alikuwa nyuma kabisa ya msururu. Alihesabu vizuri na akaruka vizuri, ila ukingo wenyewe ulimeguka chini ya mguu wake. Alikuwa mtu wa tano. Mnyapara aliandika: utelezi. Ma Temgoua alimvuta kifundo, akatukanwa, akamchagulia kuku mweusi, akamfunga vibanzi, na safari hii kuku alilazwa ndani na mlango ukatiwa kufuli. Zebaze alipita njiani akageuza uso kando.

"Usiogope," Zebaze alimwambia Ma Temgoua. "Siku hizi bosi anakula maharage."

Kesho yake saa tisa kengele ililia. Mezatio alikuwa mbele ya msururu, Odile nyuma yake, na nyuma yao wanawake kumi na sita. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane. Mezatio akanyanyua mguu wake wa kushoto juu ya shimo, kifundo kikiuma kidogo kama kinavyouma mvua inapokaribia. Akauangalia. Kisha akaurudisha, akavua tenga, akakaa juu ya kipandio cha kumi na nane.

Odile akakaa kwenye cha kumi na saba. Nyuma yao, mmoja mmoja, mpaka chini kabisa, wote wakavua matenga wakakaa, kila mtu na kipandio chake. Banda la mizani lilikuwa tupu. Mnyapara alipiga kengele tena, kisha akapiga tena, kisha akaiacha.

Juu kilimani Mkurugenzi Wandji alikuwa amekaa hewani usawa wa paa, miguu inaning'inia, kofia ya manjano kichwani. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa ziwa.

"Mama Odile!" alipaza sauti, na bonde zima likasikia. "Panda, mama! Mvua hiyo!"

"Weka gogo!"

"Nitalifikisha makao makuu!"

"Fikisha, Mheshimiwa! Mimi nipo!"

Tone la kwanza likaanguka. Mezatio alitoa kokwa ya kola kibindoni, akaipasua, akampa Odile kipande kimoja, akatafuna kingine taratibu, miguu yake yote miwili ikining'inia ndani ya shimo.